Ukumbi wa Kampuni, Shughuli ya Kikundi: Elewaneni Kabla ya Kupewa Ufunguo

Mara nyingi ombi la kikundi kutumia nafasi ya kampuni huanza kwa mdomo. Mwenyekiti anakutana na meneja langoni, anamweleza kwamba wanachama hawana mahali pa kukaa, na meneja kwa roho safi anajibu, "Mama, njooni tu Jumamosi, hakuna shida." Miezi sita baadaye meneja huyo amehamishwa. Aliyechukua nafasi yake hana habari, soja wa geti amepewa amri mpya, na cherehani tatu za kikundi zimefungiwa ndani ya stoo ambayo hakuna anayekubali kuwa na ufunguo wake. Hakuna aliyedanganya. Tatizo ni kwamba ahadi ilikaa kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo akaondoka nayo.

Somo la toleo hili linahusu mpango huo: kampuni kuwapa watu wa nje chumba, uwanja au karakana yake kwa mkutano, mafunzo au mradi. Kwa wakazi wa Kimuka jambo hili si geni. Upande huu wa vilima vya Ngong vikundi ni vingi kuliko kumbi. Watu hukutana chini ya mti, kanisani, au darasani shule zikifungwa, na upepo ule ule unaozungusha mitambo ya KenGen juu ya vilima ndio unaopeperusha rejista na kuwafukuza wazee kabla ajenda haijaisha. Wakati huohuo, kando ya barabara kuna majengo ya biashara yenye paa, stima na vyoo, ambayo Jumamosi alasiri na Jumapili hubaki yamefungwa. Kuyatumia ni jambo la busara. Kinachohitaji kujifunzwa ni namna ya kuyatumia bila kugombana.

Tuanze na mfano ambao Wakenya wengi wameusikia. Mapema mwaka 2008, katika siku za machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kundi dogo la wataalamu wa kompyuta na wanablogu lilitengeneza ramani ya mtandaoni iliyopokea taarifa za wananchi kuhusu ghasia. Wakaiita Ushahidi. Ramani hiyo ikakua, ikawa shirika lenye programu inayotumika katika nchi nyingi. Mwaka 2010 Ushahidi ikafungua iHub katika orofa ya nne ya Bishop Magua Centre, Barabara ya Ngong, Nairobi. Badala ya kujaza nafasi yote kwa wafanyakazi wake, shirika liliifungua kwa vijana waliokuwa wakitengeneza programu bila ofisi, na kwa vikundi vilivyotafuta mahali pa kukutania.

Wasomaji wengi hukumbuka intaneti ya kasi na kahawa. Mimi naona la kujifunza zaidi ni jinsi mlango ulivyopangwa. Wanachama waligawanywa kwa rangi. Mwenye rangi nyeupe alijiunga kupitia mtandao tu. Mwenye rangi ya kijani alituma maombi, na akikubaliwa alitumia ukumbi na intaneti bila malipo. Mwenye rangi nyekundu alilipia meza yake. Kwa hiyo mtu aliyefika mlangoni alijua haki yake inaanzia wapi na inakomea wapi, na mhudumu hakuhitaji kukisia wala kupendelea rafiki.

La pili ni pesa. Nafasi ile haikuwa bure kwa maana ya kutogharimu. Wafadhili, wakiwemo Omidyar Network na Hivos, walisaidia kulipa gharama ambayo kijana wa rangi ya kijani hakuiona. Miaka ilipopita iHub ililazimika kutafuta njia ya kujiendesha. Ikapata wawekezaji, ikahama Bishop Magua, na mwaka 2019 ikanunuliwa na CcHUB ya Nigeria. Chumba kinachotolewa bure huwa kimelipiwa na mtu mahali fulani, na mtu huyo akichoka au hesabu zake zikibadilika, chumba nacho hubadilika. Kikundi kinachojua hilo hujiandaa mapema.

Je, mwenyeji alipata nini? Miongoni mwa waliokutana iHub walikuwa AkiraChix, kikundi cha wanawake wa teknolojia kilichoanza mwaka 2010. Mmoja wa waanzilishi wake, Angela Oduor Lungati, baadaye alifanya kazi Ushahidi, na akawa mkurugenzi mtendaji wa shirika hilo. Kampuni inayouliza "tutafaidika vipi tukiwafungulia watu geti?" inaweza kuanza kufikiri hapo. Inapata kuwaona watu wakifanya kazi kabla ya kuwaajiri, na watu hao wanaifahamu kampuni kabla ya kuomba kazi.

Katika kaunti yetu mfano mkubwa wa vitu vya kampuni kutumiwa na umma uko Magadi, ambako kampuni ya magadi iliyoanzishwa mwaka 1911 ilijenga mji, na hospitali yake ikahudumia pia wakazi wasio wafanyakazi wake. Lakini Magadi ni habari ya mji mzima. Hapa tunazungumzia chumba kimoja cha Jumamosi, na chumba kimoja kina hesabu zake.

Chukua mfano huu, ambao si wa kikundi chochote halisi. Akina mama kumi na wanane wa ushanga wanataka kutumia ukumbi wa kampuni ya ujenzi kwa mafunzo ya siku moja, na wamewaalika wenzao hadi wakafika watu sitini. Tuangalie maji peke yake. Tanki dogo la choo cha kuvuta hubeba takriban lita 9. Watu sitini wakienda msalani mara moja tu kila mmoja, zimekwenda lita 540. Wakienda mara mbili, imepita lita elfu moja, kabla hujapika chai wala kunawa mikono. Katika sehemu ambako maji huletwa kwa boza, hilo si jambo dogo, na Jumatatu asubuhi wafanyakazi watakuta tanki tupu na kuuliza ni nani. Ongeza tokeni za stima, malipo ya soja aliyepaswa kuwa nyumbani, sabuni, na mtu wa kupiga deki.

Kikundi hakilazimiki kulipia yote hayo. Kampuni nyingi zingekubali kuyabeba kama zingeombwa waziwazi. Ninachoshauri ni kikundi kiyataje chenyewe kabla ya kuulizwa: tutakuja na mitungi yetu ya maji, tutanunua tokeni za kiasi fulani, vijana wetu wanne watasafisha kabla ya saa kumi na moja jioni. Meneja anayesikia maneno hayo anajua anaongea na watu wanaofahamu thamani ya wanachoomba. Ni heshima ileile ya mgeni kutofika kwa mtu mikono mitupu.

Sasa tuje kwa jambo ambalo wengi hulikwepa kwa sababu linaonekana kama kuombea mkosi: mtu akiumia.

Kenya ina Sheria ya Dhima ya Wakaaji wa Majengo, Sura ya 34. Inamtaka anayelimiliki au kulisimamia jengo kuchukua tahadhari ya kutosha ili mgeni aliyeruhusiwa kuingia awe salama kwa shughuli aliyoijia. Sheria hiyo inasema pia kwamba mwenye jengo atarajie watoto kuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Zingatieni hapo. Mafunzo ya akina mama mara nyingi huja na watoto, mmoja mgongoni na mwingine ameshikwa mkono. Ukumbi ukiwa umepakana na karakana yenye misumeno, mitungi ya gesi ya kuchomelea au shimo la kukagulia magari, suala la mtoto anayetembeatembea si la kuachiwa soja. Aidha mlango wa katikati unafungwa kwa kufuli siku hiyo, aidha kikundi kinamteua mtu wa kukaa na watoto chumba kingine. Vyote viwili ni bora zaidi.

Kuna dhana moja inayopotosha pande zote. Kampuni husema, "Sisi tuna bima ya ajali kazini." Bima inayotokana na Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, ambayo watu huiita WIBA, ni ya mwajiriwa. Mama aliyekuja kujifunza kushona si mwajiriwa. Akiteleza kwenye sakafu yenye mafuta, bima hiyo haimhusu. Meneja anapaswa kumuuliza wakala wake wa bima kama kampuni ina bima ya dhima kwa umma na kama inahesabu wageni wa wikendi. Jibu likiwa hapana, haimaanishi shughuli ife. Huenda ikafaa kuhamishiwa uwanjani, au ikafanyika katika chumba cha mikutano na karakana ikabaki imefungwa.

Moto nao. Kabla ya watu kuketi, mwenyeji awaonyeshe mitungi ya kuzima moto ilipo na milango ya kutokea, na milango hiyo isifungwe kwa kufuli watu wakiwa ndani. Nimeona kumbi ambako mlango wa nyuma hufungwa "ili wasioalikwa wasiingie". Huo ni mlango ambao siku mbaya wote watauhitaji. Kikundi nacho kisilete jiko la makaa ndani ya ukumbi, wala kuunganisha sufuria ya umeme, spika na projekta kwenye waya mmoja wa kuongezea stima.

Upande wa mradi, yaani kikundi kikikaa wiki au miezi katika nafasi ya kampuni kutengeneza kitu, linazuka swali gumu zaidi, na kwa maoni yangu ndilo linalovunja urafiki mwingi: kilichotengenezwa hapo ni cha nani?

Kuazimwa meza hakukufanyi kuwa mfanyakazi. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaipa kampuni haki katika kazi iliyofanywa na mwajiriwa wake akiwa kazini, na pia inampa haki hiyo mtu aliyeagiza kazi ifanywe, isipokuwa wamekubaliana vinginevyo. Hapo kwenye kuagiza ndipo penye utelezi. Vijana wanakuja kila jioni kutumia kompyuta za kampuni kutengeneza programu yao ya kufuatilia bei za mifugo. Hiyo ni kazi yao. Kisha siku moja meneja anasema, "Vijana, hebu tutengenezeeni na sisi mfumo wa kuhesabu mizigo, tutawalipa kitu kidogo." Sasa ipo kazi iliyoagizwa, na bila maandishi yanayosema tofauti, hakimiliki ya mfumo huo inakwenda kwa kampuni. Kama vijana walichukua vipande vya programu yao ya mifugo wakaviingiza humo, wametengeneza mgogoro. Vivyo hivyo kwa mchoraji aliyeombwa nembo, au kikundi cha ushanga kilichoombwa kubuni mtindo wa zawadi za wateja wa kampuni. Sentensi mbili zinatosha kuzuia hayo: kazi ya kikundi inabaki ya kikundi, na kazi yoyote itakayoagizwa na kampuni itaandikiwa makubaliano yake.

Kampuni nayo ina siri zake. Orodha ya wateja ukutani, bei za zabuni mezani, kompyuta iliyoachwa wazi: hivyo viondolewe au vifungiwe kabla ya wageni kufika. Ni vibaya kumlaumu mgeni kwa kusoma kilichobandikwa mbele ya macho yake.

Kuhusu kikundi chenyewe, kampuni ina haki ya kuuliza inashughulika na nani. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 imeweka utaratibu wa kusajili vikundi vya kujisaidia na vya maendeleo. Maombi hupitia ofisi ya maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo, na kikundi hutakiwa kuwa na katiba, viongozi wanaojulikana na wanachama wasiopungua kumi. Nakala ya cheti pamoja na kumbukumbu za kikao kilichoamua kuomba ukumbi hufungua milango mingi. Humlinda pia mwenyekiti, kwa sababu kiti kikivunjika, deni linakuwa la kikundi kilichoamua na si la mama mmoja aliyetia sahihi.

Watu huuliza kama lazima polisi waarifiwe. Chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, anayeandaa mkutano wa hadhara hutoa notisi kwa mkuu wa kituo cha polisi, yule tunayemwita OCS, si chini ya siku tatu wala zaidi ya siku kumi na nne kabla ya siku yenyewe. Lakini sheria hiyohiyo inaacha nje mikutano ya kijamii, kitamaduni, ya hisani, ya kidini, ya kitaaluma na ya kibiashara, na vikao vya kikundi kilichosajiliwa vinavyozungumzia mambo yake yenyewe. Mafunzo ya ushanga hayahitaji notisi. Mkutano ulioanza kama mafunzo ukaishia kwa mgombea kushika kipaza sauti ni habari nyingine, na kampuni inayotazama mbele kwenye uchaguzi wa Agosti 2027 itapenda kusikia mapema kwamba hilo halitatokea ndani ya ua wake. Liandikeni.

Jambo dogo lenye uzito: rejista. Ni kawaida yetu kupitisha karatasi yenye jina, nambari ya kitambulisho, simu na sahihi, kisha kuiacha mezani shughuli ikiisha. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, anayekusanya habari hizo anawajibika kuzilinda na kuzitumia kwa sababu iliyotajwa tu. Kikundi kiulize kama nambari ya kitambulisho inahitajika kweli. Kampuni isichukue nakala ya rejista ili kuwatumia watu matangazo ya bidhaa. Na picha za watoto zisipigwe kwa ajili ya kalenda ya kampuni bila mzazi kukubali. Sisi wa ofisi za mawasiliano tunabanwa na sheria hiyohiyo tunapofika na kamera, kwa hiyo mkituona tumesahau, tukumbusheni.

Na mwisho wa mpango uwekwe mwanzoni. Hili watu hulionea haya, kama vile kuuliza siku ya kuondoka kabla hujakaribishwa chai. Hata hivyo cherehani zilizofungiwa stoo zilifungiwa kwa sababu hakuna aliyeandika kwamba kampuni ikitaka chumba chake itatoa notisi ya siku thelathini, na kwamba mali ya kikundi ina orodha yenye sahihi mbili. Meneja akibadilika, karatasi haibadiliki. Mkabidhini mpya nakala wiki yake ya kwanza, kwa adabu, mkiwa wawili au watatu, kabla hajasikia habari zenu kutoka kwa mtu mwingine.

Ukurasa mmoja unatosha. Unaweza kuandikwa kwa Kiswahili, kwa mkono, na kutiwa sahihi na meneja, mwenyekiti, katibu na shahidi mmoja. Ukiwa na kipengele cha fedha nyingi au mashine za thamani, mwonesheni wakili kwanza. Kwa shughuli za kawaida, maneno kama haya yanaweza kuwa mwanzo, mkiyabadilisha kulingana na hali yenu:

"Kampuni imekubali kikundi kitumie ukumbi wa mbele na vyoo viwili vya nje, kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kwa miezi sita tangu tarehe ya sahihi. Karakana na ofisi hazihusiki na zitakuwa zimefungwa. Watu wasizidi sitini. Kikundi kitaleta maji yake, kitanunua tokeni za stima kwa kiasi tulichokubaliana, na kitasafisha kabla ya kuondoka. Kampuni itawalipa soja na itahakikisha milango ya kutokea iko wazi. Watoto watakuwa chini ya mlezi aliyeteuliwa na kikundi. Hakuna mkutano wa siasa. Mali ya kikundi iliyomo stoo imeorodheshwa nyuma ya karatasi hii, na ufunguo mmoja wa stoo utakuwa kwa katibu. Kitakachoharibika kitakaguliwa na pande zote mbili siku hiyohiyo. Kazi ya kikundi ni mali ya kikundi. Kazi itakayoagizwa na kampuni itakuwa na makubaliano yake. Upande wowote unaweza kusitisha mpango huu kwa notisi ya maandishi ya siku thelathini, na katika siku hizo kikundi kitaruhusiwa kuondoa mali yake."

Wekeni nakala tatu: moja kwa kampuni, moja kwa kikundi, na ya tatu kwa soja wa geti.